Mama Devota Akikataa Kiti cha Plastiki

Umande haujakauka Vidunda, kijiji cha mlimani. Mama Devota, mkulima wa ndizi mwenye miaka sitini na nane, amesimama mlangoni kwa mguu mmoja, mwingine anausugua kwa gunzi. Ukuta upo karibu, haushiki. Anabadilisha. Wa kushoto unatetemeka.

"Na wewe umetumwa na Ditram?" anaukaripia mguu.

Ditram ni mwanawe, mwenye duka la misumari na mabati Mikumi mjini. Anataka mama aache mlima, ahamie kwake "apumzike." Shamba ameshalitafutia mpangaji. Mwenye shamba hakuulizwa.

"Nipumzike, nani kanituma kazi?" anafoka, mkungu kichwani.

Ugomvi ulianzia msibani mwezi uliopita. Wanawake wote walikaa mkekani. Ditram akapenya katikati yao na kiti cha plastiki, akamwekea mama yake.

"Wenzangu wakacheka mpaka marehemu akasahaulika! Kesho ataniletea jeneza nijaribu kama linanitosha."

Tangu hapo, kila asubuhi anajipima alivyoelekezwa na Magreti, mhudumu wa afya kijijini: asimame kwa mguu mmoja, kisha akae chini na kuinuka bila kushika popote.

Jumamosi Ditram anapanda mlima na mpangaji wake. Anafika anahema kama pikipiki mbovu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaeni mkekani, mle."

Ugali unaisha. "Haya, baba, inuka. Bila mkono."

Ditram ana miaka arobaini na moja, na kitambi kinachomtangulia kila aendako. Anajaribu, anayumba, anadaka bega la mpangaji. Wote wawili chali, mchuzi juu yao.

Mama anainuka taratibu, goti likilalamika. Mikono ameikunja kifuani.

Mpangaji anaaga bila kunawa.

"Naogopa utaanguka huku peke yako, mama," Ditram anasema, akijifuta.

"Si ungeniuliza! Mguu wa kushoto nimeujua kabla yako. Miaka yote hii nakulisha kwa ndizi hizi, leo nageuka mzigo wa kuhamishwa?"

Ditram anaanza kuokota vyombo.

Msimu ujao, mama anasema, kipande cha juu cha shamba chenye mteremko mkali atakiacha. Cha chini, karibu na nyumba, ni chake, na atakilima.

"Siku nikishindwa kuinuka, kiti nitakiomba mwenyewe," anasema, akikung'uta mkeka. "Na rangi nitachagua mimi."