Isidore, Mkwe wa Sauti

Msiniulize Isidore alizaliwa mwaka gani. Ninachojua ni kwamba alizaliwa na sikio moja kubwa kuliko jingine, maana nilimpokea kwa mikono yangu hii, na mkunga mwenzangu alipoona lile sikio linatangulia alipiga kelele: "Émilienne, hawa ni mapacha!" Kumbe mtoto mmoja na sikio lake. Mwenye kubisha abishe. Mtoto yule alikua akisikia chungu kinapasuka nyumba ya tatu kabla mwenye chungu hajajua, na alipokuwa mtu mzima alifungua studio hapa Baraka, ukuta mmoja na jiko langu.

Studio ni jina kubwa. Kilikuwa chumba cha matofali mabichi, upande wa kushukia ziwani. Ukutani alipigilia mikeka mikuukuu na magunia ya pumba za mpunga, ili sauti isirukeruke. Ndani mlikuwa na mashine ya kaseti, mikro mbili za kunasia sauti zilizofungwa kwenye mpini wa jembe, na batri ya gari ambalo lenyewe lilikufa zamani. Batri ikichoka, aliibeba begani mpaka kwa mwenye mashine ya kusaga mihogo, ikanywe moto kule. Kila kitu alifanya peke yake. Alipanga waimbaji, wenye kukohoa karibu na dirisha, alibonyeza mashine, alitoka mbio kufukuza mbuzi, kisha alirudi kwa ncha za vidole. Hakumtafuta msaidizi, maana hakumwona mtu anayejua kunyamaza kama yeye.

Kabla ya kurekodi alitundika kitambaa chekundu mlangoni, na mtaa mzima ulitakiwa kuacha kutwanga sombe, majani ya mihogo. Mimi nilitwanga.

"Koko," akapaza sauti, maana aliniita kama bibi yake, "muchi wako umeingia ndani ya wimbo!"

"Umeingia muzuri?"

Alisikiliza kwanza. "Unatangulia kidogo."

Basi mkisikia ngoma kwenye kaseti za zamani za Baraka, ile si ngoma, ni mboga yangu ya jioni. Kivu nzima hakuna mpiga ngoma aliyerekodiwa kunishinda.

Gentille alikuwa mwimbishaji wa kwaya moja ya hapa mjini. Sauti yake haikuwa asali. Ilikuwa na ukavu mwishoni, kama mtu aliyemaliza kula ndagala, dagaa wakavu wa ziwani, na sasa anatafuta maji, na wewe ukimsikiliza unatamani kusimama umletee. Kila alipoimba, Isidore alimsimamisha: "Rudia, kuku imelia." Arudie. "Rudia tena, ile kuku." Kuku gani? Mwenye kuku mtaa ule nilikuwa mimi, na kuku wangu tulikuwa tumemla Jumapili.

Isidore akaenda kuposa. Alipopeleka mbuzi na majembe kwa kina Gentille, kuanzia siku ile akawa mkwe wa mama Adolphine, mama yake msichana. Na kwetu mkwe hamtazami mama mkwe usoni. Wakikutana njiani mmoja anaingia kwenye mihogo. Wakiwa na neno, wanapeana mgongo na kumweka mtu katikati alipitishe. Isidore aliijua heshima ile kupita kiasi: mama Adolphine akivaa kandambili kule sokoni, huku yeye ameshajificha.

Ndipo vita vya pili vilipotufikia. Risasi zilishuka kutoka mlimani, na watu wakateremka Kazimia kutafuta mitumbwi ya kuvukia ng'ambo, Tanzania. Gentille alitangulia na shangazi yake. Isidore alibaki kufukia mashine yake katika shamba la mihogo, askari wasiichukue. Alimwambia, "Nakufuata." Alipofika Kazimia, mtumbwi ulikuwa umeondoka, na ng'ambo haukufika. Ziwa halikurudisha mtu wala kitambaa. Mimi ziwa lile nalifahamu, hata sufuria likikunyang'anya huwa linaitema baada ya siku. Safari ile lilifunga mdomo.

Tuliporudi Baraka, Isidore alifukua mashine. Mchwa walikuwa wamekula magunia yote wakaacha kaseti. Mchwa wa kwetu Fizi wana adabu kuliko askari.

Kwaya ya kwanza kurekodi ilitoka Mboko. Akina mama waliimba mpaka jasho, akawarudishia kaseti wajisikie. Wimbo ulikwenda vizuri. Lakini nyuma yao palikuwa na sauti moja inayochelewa, kama mtu aliyetoka mtoni mbio akakuta wenzake wameshaanza. Ilikuwa na ukavu mwishoni.

"Nani ule?" mmoja akauliza.

Wote walijua. Walitoka bila kusukumana, kama watu wanaotoka chumba cha mgonjwa. Mmoja aliacha viatu na hakuvirudia.

Isidore alinieleza. Kaseti mpya hazikuwa zinafika, njia ya Uvira ilifungwa, kwa hiyo alikuwa anarekodi juu ya zile za zamani. Na batri ikiwa dhaifu, haifuti yote. "Ni kama sufuria, Koko. Umepika samaki, kesho unapika chai."

Nikaelewa. Kisha mfanyabiashara mmoja akamletea kaseti mpya kutoka ng'ambo, bado imefungwa kwa plastiki yake. Akarekodi kwaya nyingine. Sauti ikaja na humo, imechelewa vilevile.

"Na hii sufuria," nikamuuliza, "walipikia samaki lini?"

Akaitoa kaseti mashineni, akaifuta kwa pindo la shati.

Kwaya zikaacha kuja. Yeye hakuhuzunika, na hilo ndilo lililonitisha. Alikuwa na kaseti moja ambayo hakuwahi kurekodi juu yake, yenye wimbo aliouimbisha Gentille. Mchana kutwa nilisikia ukutani anabonyeza, wimbo unaimbwa, anarudisha, wimbo unaimbwa tena. Alikonda mpaka nikadhani yule aliyekufa ni yeye, na yule anayeimba ndiye mzima.

Siku moja mchana mama Adolphine alikuja. Tangu mtumbwi ule alikuwa bado analala chini kwenye mkeka wa matanga. Akakaa jikoni kwangu, mgongo kwa studio. Isidore akamsikia, akageukia magunia yake. Nikawa katikati.

"Émilienne, mwambie mukwe wangu namusalimia."

"Anakusalimia."

"Koko, mwambie mama nimeitika."

"Mwambie nimekuya juu ya Gentille. Bazee balisema mutu akikosa mwili, bazike mugomba. Tulizika. Sasa ule mugomba umeota. Umezala ndizi! Batu banapita, banaangalia, hakuna wa kuchuma. Mutoto wangu hakuwa mugomba. Tulizika kitu yenye haina kinywa, njo maana hapumziki. Anipatie ile kaseti nimuzike."

Nilipitisha.

"Koko, mwambie mama, ile njo yote nilibakia nayo."

"Na mi nilibakia na nini? Mi nilimuzala na miguu, na meno, na yote. Yeye alitwaa sauti tu, na bado anakatala kurudisha!"

"Mwambie nitatoa nyingine ya kufanana. Moja bazike, moja nibakie nayo."

"Muulize, mutu akizikwa nusu, ile nusu ingine inalala wapi?"

"Mama anauliza hivyo," nikasema, "tena anasema we ni mukaidi kama punda."

"Émilienne! Sikusema ile."

"Ulikuwa karibu kusema."

Hakucheka. Akavuta kanga yake kichwani na sauti ikashuka. "Muulize kama anajua mutoto anachoka. Kila siku anabonyeza, mutoto anaimba. Anabonyeza, mutoto anaimba. Tangu vita mutoto wangu hajakaa chini."

Hilo sikulipitisha. Lilipita lenyewe.

"Mwambie mama," Isidore akasema, "ataipata."

Ukuta wetu ulikuwa na tundu. Panya ndiye aliyelitoboa, mimi nililipanua tu. Nikaona alichofanya. Kaseti ya wimbo aliitia mfuko wa shati. Kisha akatoa sandukuni kaseti ya kujaribia mikro, ile ambayo kila kwaya ilipita juu yake, kaseti ya vikohozi na moja-mbili-moja-mbili, isiyo na faida kwa mtu. Ndiyo aliyoifunga katika kitambaa cheupe.

Kesho yake tukakusanyika nyuma ya nyumba ya mama Adolphine. Mgomba ulikuwa umekatwa na ndizi zake zimetupwa ziwani. Hata samaki, naapa, walizikwepa. Shimo dogo lilichimbwa palepale. Isidore akatoa kifurushi chake kwa mikono miwili, macho chini. Alphonse, mjomba wa marehemu, mwenye kuongoza mambo ya ukoo, akakipokea na kuanza kufungua kitambaa.

"Mujomba, unafanya nini?" Isidore akauliza.

"Kwetu mutu hazikwi bila kufunuliwa uso. Batu bamuage."

"Kaseti haina uso, mujomba."

"Sauti njo uso yake," Alphonse akasema, na akaita redio yake. Mawe ya redio yalikuwa yameanikwa juani tangu asubuhi yapate nguvu.

Uso wa Isidore ukawa jivu. Watu wakadhani ni uchungu. Mimi niliyejua nilianza kutunga uongo wa kumwokoa. Nilikuwa nao mwingi, mzuri, wa kila aina.

Kaseti ikaanza. Kwanza mvumo mtupu, kama mvua ya mbali. Mtu akakohoa. Kisha sauti ya Isidore mwenyewe: "Moja, mbili. Sogea karibu." Nikafungua mdomo kutoa uongo wangu wa kwanza.

"Isidore, hii mikro inanuka samaki."

Alikuwa Gentille, na hakuwa anaimba. Alikuwa anaongea. Akacheka.

"Imba tu," Isidore wa ndani ya kaseti akamwambia.

"Ah, acha nipumue kwanza. Tangu asubuhi unaniimbisha, unasingizia kuku. Acha nikae kidogo."

Tukasikia kigoda kikiburutwa. Tukasikia mtu anakaa. Halafu mvumo tena, na ndani yake hapakuwa na kitu.

Alphonse akazima.

"Mumesikia," mama Adolphine akasema. "Amekaa."

Akaichukua kaseti, akaifunga kama anavyofungwa mtoto mchanga, akainama. Ndipo mkono wa Isidore ukanyooka wenyewe. Hakuwa anajua kwamba ana kitu kile. Miezi yote ile alikuwa amekumbatia wimbo, na wimbo msichana aliuimbia kanisa zima. Kumbe maneno aliyomwambia yeye, kwa jina lake, yalikuwa yamelala chini ya vikohozi vya watu. Na sasa yanashuka shimoni. Aseme nini? Aseme si hiyo, nilikuja kuwadanganya? Mkono ulibaki hewani, vidole vimefunguka, mpaka Alphonse akautia jembe.

"Fukia, mukwe. We njo wa kufukia."

Akafukia.

Tukashuka ziwani kunawa. Alphonse akachota maji, akawamwagia wote wawili mikononi, mama na mkwe, akasema kilichofungwa kwa mbuzi kimefunguliwa kwa maji. Mama Adolphine akageuka akamtazama Isidore usoni, mara ya kwanza tangu posa. Isidore akaangaza huku na huku akitafuta mihogo ya kuingia. Pale ufukoni palikuwa mchanga mtupu.

"Kumbe njo hivi uko," mama akasema. "Masikio haifanane."

"Mama, angalia pembeni..."

"Niangalie pembeni juu ya nini? Mi si mama-mukwe yako tena." Akanyoosha kidole kwenye mfuko wa shati, ambako kaseti ilikuwa imesimama na pembe zake nne. "Nilijua utaleta ingine. Ile bakia nayo. Wimbo ni ya korali yote ya kanisa. Mi nilitaka mutoto wangu, na umemuleta."

Akaenda zake kunyoa nywele za matanga, na jioni ile alipika samaki kwenye jiko lake mwenyewe.

Isidore alirudi studio, akaweka kaseti ya wimbo. Nilikuwa kwenye tundu langu. Kwaya ikaanza vizuri. Ikafika pale Gentille anapoingia peke yake, na pale pakawa kimya. Kimya cha urefu wa sauti yake. Halafu kwaya ikaitika, kwa nguvu, ikimwitikia asiyekuwapo.

Alirudisha. Ikawa hivyohivyo. Aliomba kanyanga yangu, pombe kali ninayopika mwenyewe, akasugua kichwa cha mashine kwa pamba. Kanyanga yangu inafua kutu ya meli, lakini pale haikurudisha kitu.

"Imechakaa, Koko. Niliicheza sana."

"Kaseti ikichakaa inachakaa yote. Haichagui mudomo."

Habari ikaenea kwamba studio imepoa, haina tena sauti ya marehemu, na kwaya zikarudi, za Mboko, za Kazimia, hata wachungaji wa ng'ombe walioteremka kutoka Bibokoboko, kule mlimani, siku ambazo njia iliruhusu. Mlimani bunduki zilikuwa bado zinakohoa, lakini kaseti za Isidore zilitoka safi, na watu walimsifu. Yeye aliitikia, aliwafungulia mlango, aliwaaga. Wakishaondoka alikaa tena mbele ya mashine, akaegesha lile sikio kubwa, akausikiliza wimbo wao toka mwanzo mpaka mwisho, nyuma ya sauti zote, pale ambapo mtu aliyechelewa angesimama.

Siku moja nikamwita tunduni. "Isidore, unatafuta nini? Iko safi."

"Njo naona, Koko," akasema. "Iko safi."

Akairudisha mwanzo.