Udongo wa Kichuguu kwenye Mfereji wa Mlango

Ulikuwa mwaka wa ming'oko. Kwetu Chinongwe mwaka ule hauna namba, una chakula: tulikula ming'oko na chumvi, chumvi ikaisha, tukala ming'oko mitupu. Ni mizizi ya porini, myembamba kama vidole vya mgonjwa. Unaichimba kutwa, unaichemsha, unaimenya kwa meno. Ukiila siku tatu mfululizo hata mate yako yanakuwa na ladha ya shimo. Mtama ulikauka ukiwa bado magotini. Na mwaka huohuo Wazungu waliokuja kulima karanga walianza kufunga mizigo Nachingwea, wakaacha matrekta yamelala porini na nyumba za vioo hazina watu.

Mume wangu akapata kazi ya kulinda nyumba mojawapo. Posho ilikuwa kila Jumamosi: unga, maharage na chumvi. Chumvi, jamani! Nikambeba binti yangu mgongoni, nikatembea siku mbili kumfuata, na njiani nilijitangaza kuwa mke wa liwali. Wanawake wenzangu niliwaacha wakichimba mizizi, nami sikugeuka nyuma kuwaangalia.

Ndani ya nyumba yenyewe hatukuruhusiwa kulala. Tulilala kwenye gereji, chumba cha kulaza gari. Gari halikuwepo, mwenyewe ameondoka nalo. Mlango wake ulikuwa mpana kuliko nyumba nzima ya mama yangu. Ulikuwa wa mbao, umening'inia juu kwenye reli kwa magurudumu mawili, na chini ulikuwa na ulimi wa chuma uliopita ndani ya mfereji mwembamba, upana wa vidole viwili, uliochongwa kwenye saruji. Ukiusukuma ulikwenda kando ukinguruma. Mtoto wangu alikuwa akiusikia anacheka.

Alikufa akiwa na miezi mitano. Maziwa yangu yalikuwa yamekauka kabla ya ule unga wa posho, na unga haukuyarudisha. Homa ilimchukua asubuhi, adhuhuri ikawa imemaliza.

Bibi mmoja wa Naipingo, aliyekuwa akipita kuuza kuni, ndiye aliyekuja kumwosha. Akaingia, akauliza, "Jembe liko wapi tuchimbe ufuo?"

Kwetu maiti haioshwi hivihivi. Unachimbwa ufuo, shimo dogo ndani ya nyumba, maji ya kuoshea yaingie humo. Kisha shimo linafukiwa na kusiribwa udongo laini, mtu asije akayakanyaga maji ya marehemu. Mume wangu akapiga jembe mara moja. Likaruka, likatoa cheche.

"Hii si ardhi," akasema yule bibi. "Mnalala juu ya jiwe kama mijusi?"

Basi akamwosha palepale. Maji ya mtoto wa miezi mitano ni kidogo, hayajai hata sufuria. Lakini sakafu ile ilikuwa na mteremko wa kutolea maji ya kuoshea gari. Yakatambaa polepole, sote tunayaangalia, yakafika mlangoni, yakaingia kwenye ule mfereji, yakatulia.

Bibi akanishika bega. "Mwanangu, ufuo wake umejichagua wenyewe. Ufunike."

Wanaume walipokwenda kuzika, akaniletea udongo wa kichuguu, mwekundu, nikaukanda na maji. Nikaujaza mfereji pale yalipotulia, upande wa ukutani, shubiri mbili nzima, nikasiriba juu, nikapitisha kiganja mpaka ukawa laini kama shavu. Kusiriba naweza. Chinongwe nzima hakuna aliyenizidi kusiriba, mpaka leo nasema. Tangu hapo kila Alhamisi, mume wangu akiwa nje kwenye zamu, nikaongeza tabaka jingine, jembamba, nikisoma dua ninazozijua. Mlango wakati huo ulikuwa wazi tu, kwa sababu ya matanga, na baada ya matanga hakuna aliyekuwa na moyo wa kuufunga. Udongo ukakauka vizuri.

Mwezi haujaisha, Jumamosi moja msimamizi wa walinzi akaja na baiskeli, posho yetu imefungwa nyuma. Alikuwa mtu wa pwani, kaptula imenyooka kwa pasi.

"Nyumba imepata mtu," akamwambia mume wangu. "Ana gari. Nyinyi mtahamia chumba cha nyuma ya jiko. Hebu funga mlango huu niuone."

Mume wangu akausukuma. Ukanguruma, ukaja, ukakwama umebakiza shubiri mbili. Akausukuma kwa bega. Palepale.

"Humu litakaa gari pamoja na zana na mapipa ya mafuta," akasema msimamizi. "Jumamosi ijayo nikiukuta hivi, nitaleta mlinzi mwingine mwenye mikono."

Mume wangu hakuwa mjinga. Jumatatu alikwenda kukwangua grisi kwenye trekta bovu, akaipaka kwenye reli mpaka inadondoka. Mlango ukaja upesi zaidi, ukakwama palepale. Jumanne akapanda juu ya pipa akazungusha magurudumu kwa kidole, moja baada ya jingine. Yakazunguka bila kulia.

"Magurudumu hayana kosa," akasema. "Labda reli imepinda."

Akafunga jiwe kwenye uzi, akaning'iniza hapa, akaning'iniza pale, akapima kwa kijiti. Reli ilikuwa imenyooka. Akakaa chini ameukodolea macho ule mlango kama mtu aliyetukanwa na mkwewe.

Mtauliza kama nilijua. Jumatatu sikujua. Jumanne, alipousukuma mara ya mwisho, nilisikia chuma kikigota chini, si juu, nikajua. Nikageuka nikaendelea kuchambua maharage.

Jumatano akataka tuushushe. "Nishikie upande huo, mwenzangu. Nataka niuone tumbo."

Nikaushika. Mlango ule ulikuwa mzito kuliko ng'ombe. Gurudumu moja lilipotoka, upande wake ukaporomoka, ukamponda kidole cha kati cha mkono wa kulia. Hakulia. Alikaa akikitazama kidole chake kilivyokuwa kimelala vibaya, na mimi nikachana kanga yangu nikamfunga. Hapo ndipo ningesema. Mdomo ulifunguka kabisa. Nikamwambia, "Pole."

Alhamisi asubuhi, kwa mkono mmoja, akausogeza mlango pembeni akapiga magoti. Kutoka nje, alikokuwa akisimama kila siku kuusukuma, mfereji ulionekana kama sakafu tu, umefunikwa vumbi. Sasa akapitisha kijiti, kikatoka na unga mwekundu.

"Mwenzangu. Udongo huu nani kauweka?"

"Mimi."

"Humu? Kwenye njia ya mlango?"

"Maji ya mtoto yamo humo."

Akakaa. Alikaa muda mrefu mpaka kuku wa mlinzi jirani akaja kudonoa karibu na mguu wake, asimfukuze.

"Siku tatu ulikuwa unanitazama."

"Nilikuwa nakutazama."

"Na kidole changu?"

Nikaikaza ile kanga kwenye kidole chake.

Akasema kwa upole, na upole wake ndio ulionichoma, "Basi nitautoa taratibu. Kwa kijiko. Nitaupeleka wote kaburini kwake, hautapotea hata punje."

Nikaliona akilini gari la mtu nisiyemjua likipita juu, na mafuta yakidondoka humo, na ulimi wa chuma ukienda ukirudi kila siku juu ya maji ya mwanangu. Nikamwambia:

"Hapo hapachimbuliwi. Labda mnizike mimi kwanza."

Akaupandisha mlango kwenye reli, sijui aliwezaje na mkono ule. Alhamisi hiyo nikasiriba tena.

Jumamosi msimamizi akaja. Akausukuma mwenyewe, ukakwama. Mume wangu akamweleza yote, bila kunisema vibaya. Yule mtu akavua kofia.

"Pole, mama. Mimi nimezika wawili." Akaivaa tena. "Lakini gari linakuja. Mumeo achimbue sasa hivi mbele yangu, mtabaki. Posho yenu hii hapa."

Mfuko ulikuwa nyuma ya baiskeli. Ulikuwa na tundu dogo na unga ulikuwa ukidondoka, chembe chembe, kwenye mchanga. Nilikuwa na njaa, msidhani sikuwa nayo. Mume wangu akautazama unga, akanitazama mimi. Nikaenda nikakaa juu ya mfereji, miguu nimeinyoosha.

"Ondoka hapo, mama," akasema msimamizi. "Udongo tu huo."

"Hapo hapachimbuliwi. Labda mnizike mimi kwanza."

Akamgeukia mume wangu. "Wewe je? Nani mume hapa?"

Mume wangu akatazama ile kanga yangu kwenye kidole chake. "Bwana msimamizi," akasema, "nipe ruhusa nikakusanye vyombo vyangu."

Tulirudi Chinongwe na sufuria moja na mkeka. Wale wanawake niliowapita na kiburi changu walikuwa bado wanachimba. Mmoja akainua kichwa, "Karibu tena, mke wa liwali." Nikainama nikachimba nao. Mwaka ule ulimuua mama wa mume wangu, na posho ile ingeweza kumfaa. Hilo nalijua, sihitaji kuambiwa.

Najua pia kwamba walichimbua. Labda jioni ileile, kwa dakika chache tu, na mlango ukafunga. Sikwenda kuangalia. Mara nyingi nimepeleka ufuta Nachingwea, na kila mara nimezunguka njia ndefu.

Kidole cha mume wangu hakikukunjika tena. Alilima nacho, akala nacho, kimesimama peke yake kama kinamnyooshea mtu. Tukapata watoto wengine, wakakua. Siku moja, tumezeeka, tunabangua korosho kibarazani, akaniuliza kama anayeuliza habari ya mvua:

"Mwenzangu, siku ile. Kama ningechimbua kidogo tu, pale upande wa ukutani, mlango ukapita. Ungeniacha?"

Niliendelea kubangua. Utomvu ulikuwa unanichoma mikono. Alingoja, na kile kidole chake kikingoja pamoja naye.

"Hapo hapachimbuliwi. Labda mnizike mimi kwanza."