Chuma Chepesi cha Baiskeli ya Akinyi

Mwanangu, ile asubuhi Akinyi alipoletwa kwenye kibanda chetu cha ufundi, Makadara, amebebwa mgongoni na kaka yake, naiona hadi leo. Uso wake ulikuwa unang'aa. Miguu yake ilikuwa imepooza tangu utotoni, lakini sasa alikuwa amepata kazi ya kushona kiwandani, na msimamizi alitaka kitu kimoja tu: afike mwenyewe, kwa wakati.

"Mutua, nitengenezee baiskeli ya kuendesha kwa mikono," akaniambia. "Jumatatu naanza."

Nilikuwa kijana, damu inachemka. Mimi na mwenzangu Wafula, mchomeleaji, tulitoka mbio kutafuta vifaa. Wafula alitaka mabomba ya maji, akasema hayo hata lori likipita juu hayapindi. Mimi, mtoto wa mchonga vinyago kutoka Ukambani, nilitaka mianzi. Kisha tukaona vipande vya aluminiamu. Aisee! Nilikiinua kimoja kwa kidole nikacheka peke yangu.

Wafula akashinda, tukatumia mabomba. Baiskeli ikasimama na magurudumu yake matatu, imara kweli kweli. Akinyi akashika pedali za mikono, akaanza kupanda kile kilima kifupi cha kutokea barabarani. Katikati akakwama, mabega yanatetemeka. Wafula akakimbia kumsukuma.

"Usinisukume!" akafoka Akinyi. "Kila siku utakuja kunisukuma? Hii mmeiunda ya kubebea magunia ya saruji. Mimi nitaivushaje kizingiti pale mlangoni kwetu?"

Wafula akaenda kuchukua nyundo. Jumamosi ilikuwa imefika.

Tukaibomoa. Aluminiamu tuliigusa tena kwa hamu, lakini Wafula akatikisa kichwa: mashine yake ya kuchomelea ingeiyeyusha tu, na ikija kupasuka akiwa njiani kule Donholm, nani angeiunga? Mianzi nayo ilihitaji siku nyingi ili viungo vyake vikauke na kushika. Akinyi, aliyekuwa ameketi kwenye benchi, akanyoosha mkono kwenye fremu za baiskeli kuukuu zilizoning'inia ukutani. Akagonga moja.

"Na hii je? Ni chuma, lakini sikia inavyolia, ni nyembamba."

Mimi na Wafula tukatazamana. Mabomba yale ya fremu yalikuwa mapana, kuta zake nyembamba, na fundi yeyote wa mtaani angeweza kuyachomelea! Tukakata, tukaunga. Chuma kizito tukakiacha chini ya kiti tu, pale uzito wa Akinyi ungekaa.

Jumatatu alipanda kilima kile bila kusimama. Sisi nyuma tunakimbia, tunapiga kelele, akina mama wa mboga wanashangilia. Juu kabisa akapiga kengele, akakata kona, akaenda zake. Hata hakugeuka kutuaga!

Sasa nasikia wewe na wenzako mnaunda gari la kuendeshwa kwa kukanyaga pedali, na mnabishana kuhusu fremu. Mwanangu, msianze na vifaa vya dukani. Anzeni na yule atakayeliendesha kwa nguvu zake mwenyewe. Mpeni alijaribu, mumsikilize hata akiwafokea. Punguzeni uzito kila mahali ambapo hauna kazi. Na mchague kitu ambacho kikivunjika njiani, kuna mtu karibu wa kukiunga.

Mungu aitie nguvu mikono yenu, na siku mtakayolitoa barabarani, niwe hai nilikimbilie nyuma.