Kichwa cha Besi na Spika ya Marehemu

Bado ninavisikia vikombe vya mama vikigongana kabatini. Kiri-kiri-kiri, kama vinacheka. Mjomba alikuwa amekaa mkekani na gitaa lake la besi, ameugusa ule uzi mnene kuliko zote mara moja tu, na nyumba yetu nzima ya udongo ikaitika. Mama akatoka jikoni, mwiko mkononi.

"Kaka, unaibomoa nyumba?"

"Itabomolewa tu, dada. Bora nianze mimi."

Tukacheka mpaka machozi. Ndivyo tulivyozungumza mwaka ule. Gesi ilikuwa imepatikana chini ya bahari, mradi ulitaka mahali petu, na kijiji chetu cha pwani, si mbali na Palma, kilikuwa kinasubiri kuhamishwa.

Sauti ile ya vikombe tuliitafuta miezi mingi. Fundi mmoja mgeni, alipomaliza kazi yake mradini, alimwachia mjomba kichwa cha amplifaya ya besi: sanduku zito la chuma la kukuzia sauti, vitufe mbele, nguvu za ajabu, lakini halina spika. Mjomba aliliita kichwa kisicho na kiwiliwili. Akakiunganisha na spika ya gari, ikachanika siku hiyohiyo. Akaazima kasha la spika la muuza soda, likatoa sauti nyembamba, kama ya mtu mwenye mafua. Mimi shule yangu ni ndogo, ila Kireno kilichoandikwa nyuma ya kichwa nilikisoma: kisipewe mzigo wa chini ya ohmu nne. Fundi redio wa Palma ndiye aliyetufafanulia. Ohmu, alisema, ni jinsi spika inavyouzuia umeme. Zikizidi, kichwa kinanong'ona. Zikipungua, kinajimwaga chote mpaka kinaungua. Mwishowe kasha la ohmu nne kamili likapatikana Mocímboa, likaja juu ya lori la magunia ya chumvi, na ndipo vikombe vikacheka.

Mjomba alikuwa na jambo lake. Mwenye nyumba moja ya wageni mjini Palma, iliyojaa wafanyakazi wa gesi, alikuwa amemwambia: njoo upige hapa kila Jumamosi, ila uje na vyombo vyako mwenyewe. Maisha yake yote mjomba alikuwa amevua samaki na kupiga besi kwenye harusi za watu kwa sahani ya wali. Sasa angeitwa mpigaji. Na mimi ningeimba! Akilini nilishajishonea gauni la rangi ya ndimu, nimeshalivaa, nimeshapigiwa makofi.

Kabla malori ya kutuhamisha hayajaja, kijiji kikafanya shughuli ya kuagana, uwanjani, baada ya sala ya alasiri. Kwetu shughuli ya wote inachangiwa kwa vyombo. Huyu analeta jenereta, huyu waya, huyu spika ya sebuleni kwake. Na kilicholetwa lazima kifanye kazi. Ukikiacha pembeni, umemwambia mwenyewe akirudishe nyumbani, na yeye pamoja nacho.

Akaja jirani yetu, mjane wa rafiki ya mjomba aliyekuwa akipiga naye kinanda. Amejitwika kasha la spika la marehemu, amelifuta vumbi, amelifunika kanga.

"Shemeji, huyu naye anataka kuaga. Au jibwana lako la chuma linachagua watu?"

"Lingekuwa linachagua, shemeji, lisingekuja kwangu."

"Basi na hili liunganishe hapo. Huko tunakopelekwa sijui kama nitapata pa kuliweka."

Nikainama nyuma ya lile kasha. Ohmu nne, nalo. Wengi hudhani spika mbili zinagawana kazi. Sivyo. Ni kama tangi lenye bomba moja, halafu ukalifungulia la pili: maji yanatoka maradufu, na tangi halina uwezo huo. Na peke yake kasha la marehemu lisingeibeba besi, lingepasuka.

"Mjomba," nikamnong'oneza, "zikiwa pamoja tunabaki na ohmu mbili."

"Nimeona."

"Na Palma je?"

Akamtazama mjane, aliyekuwa anaikunja kanga yake taratibu, pembe kwa pembe. "Nitapiga kwa sauti ya chini," akasema, akachomeka waya.

Loo, ilivyolia! Mjane alikaa chini, mgongo ameuegemeza kwenye kasha la mumewe, macho ameyafumba. Ngoma zikaingia, akina mama wakacheza mpaka vumbi likafika magotini. Mjomba akaishikilia sauti chini, akaishikilia, kama mtu aliyebeba maji kwenye sahani. Aliyemshinda ni mjane mwenyewe.

"Ongeza, shemeji! Hajasikia bado!"

Mjomba akaongeza.

Wimbo ule ulifika mwisho. Uliofuata haukufika. Nilisikia harufu kama ya nywele zinazoungua, kisha zikabaki ngoma tu.

"Kuna nini?" mjane akauliza, amefumbua macho.

"Jenereta, shemeji. Mafuta."

"Haidhuru. Ameshacheza."

Jenereta ilikuwa inanguruma nyuma ya nyumba, lakini ngoma zilikuwa kubwa, na hakuna aliyemsahihisha.

Fundi redio alikifungua kichwa, akakitazama ndani, akakifunga. Kule Palma likachukuliwa kundi lililotoka mji wa Pemba. Sisi tukahamia kijiji kipya, nyumba za saruji zimenyooka kwenye mistari, bahari haisikiki. Mjomba akapata kazi ya kufungua na kufunga geti la magari. Mjane alimpungia mkono kila alipopita, na mjomba alimtania vilevile. Ila gitaa aliliweka chini ya kitanda, na nilipomwambia, "Mjomba, tupige hata bila umeme," akasema amechoka, kesho. Nilimwambia tena na tena, kwa furaha yangu ileile ya kijinga, mpaka nikaanza kuiona aibu usoni mwake, nikaacha.

Asubuhi moja, alipokwenda getini, nililitoa gitaa. Nyuzi za besi zina nguvu. Gitaa likiachwa limekazwa bila kupigwa, shingo yake inapinda. Nikakaa sakafuni, nikazilegeza moja baada ya nyingine, mpaka zote zikalala. Nikalirudisha chini ya kitanda.