Matarumbeta Kwenye Uwanja wa Tenisi

Nichekeni sasa hivi mmalize, maana mkinikatiza katikati nitaishia kwenye aibu ndogo na ile kubwa mtaikosa. Mie Mwanaidi, mtu mzima mwenye heshima zangu Sinza nzima, nimewahi kusimama katikati ya uwanja wa tenisi na raketi mkononi nikawakana wenzangu wa miaka yote, na wao palepale wanaimba jina langu.

Ilianza kwa raketi ya mtumba. Niliikuta kwenye fungu la viatu, nikaishika, nikaona imenikaa, nikainunua bila kujua nitacheza na nani (ndivyo nilivyo, niliwahi kununua oveni kabla sijavuta umeme). Kumbe raketi si kazi kuipata, kazi ni mtu wa kucheza naye. Klabu ya kwanza mlinzi akaniuliza nimekuja kwa nani, nikamwambia nimekuja kwa tenisi, akalitazama baibui langu juu mpaka chini akasema kocha hayupo mpaka mwezi ujao. Klabu ya pili kocha alikuwepo, ila akanipanga na watoto wa shule ya msingi, na wale watoto jamani wamelelewa, kila mmoja akitaka kuanzisha mpira ananiamkia kwanza, "Shikamoo bibi," nami nikiitikia marahaba mpira umeshanipita. Nikaingia kwenye grupu la wasapu la watu wanaotafutana kucheza, akajitokeza braza mmoja mpole kweli, tukapanga vizuri, mwisho wa siku ananiambia tukutane kwanza baa moja hapa Sinza tule mishkaki tuzoeane. Nikamwambia mishkaki nimeshiba.

Ndipo nikampata Glory. Dada wa Goba, anafanya kazi benki, kwao ni bara huko na hapa mjini anaishi peke yake, sauti yake ndogo mpaka simu unaibana sikioni. Aliandika kwamba anatafuta mwanamke mwenzake wa kucheza naye polepole, na kwamba yeye hapendi kutazamwa. Tukacheza Jumamosi moja kwenye klabu ndogo ya huku Kinondoni, mipira ikaenda ikarudi, tukacheka makosa yetu, nikarudi nyumbani nimejisikia msichana. Nilikuwa nimehangaika miezi, sasa nimepata mtu, nikasema huyu simwachii.

Sasa njooni kwenye kosa. Nina kikundi changu cha akina mama, cha kufa na kuzikana, na mwenyekiti wetu ni Mama Shamsa. Akatuma ujumbe kwamba Jumamosi asubuhi wote tukamenye vitunguu saumu kwake, kuna shughuli ya mpwa wake kesho yake. Ningesema tu kichwa kinaniuma yakaisha. Mie nikajitia ukubwa, nikaandika, "Samahanini, siku hiyo nina mechi muhimu." Akauliza wapi na saa ngapi, nikajua ni udaku wake wa kila siku, nikamjibu.

Hapo kuna jambo lazima mlijue. Kwenye kile kikundi mie nimemtunza kila mtu. Nimecheza kwenye foleni na khanga mkononi, nikamtupia mwenye shughuli begani, kwenye harusi zao, arobaini za watoto wao, unyago wa mabinti zao, na mwenyewe sijawahi kutunzwa hata leso, kwa sababu ndoa yangu ilifungwa harakaharaka sebuleni kwa baba na ikavunjika vilevile, na mtoto Mungu hakunijaalia. Sikuwahi kulalamika. Kumbe wenzangu lilikuwa limewakaa moyoni, wanasubiri tu nipate jambo, lolote lile, na mie kwa mkono wangu nimewaandikia kwamba ninalo.

Jumamosi tukaanza vizuri. Glory ananifunga kwa adabu, na uwanja wa pili wazee wawili wa klabu wanacheza kimya, unasikia mpira tu. Mara nikasikia tarumbeta. Nikasema moyoni kuna harusi inapita barabarani. Tarumbeta ikakaribia, nikasema labda wamepotea njia. Tarumbeta ikaingia getini.

Walikuwa wote, vitunguu saumu wameviacha. Wamevaa sare ya kitenge cha njano (hata rangi hawakunidokeza), Mama Shamsa mbele na filimbi mdomoni, nyuma yake hotpoti za pilau, nyuma ya hotpoti vijana wa matarumbeta na ngoma zao. Mlinzi alijaribu, lakini mlinzi mmoja atawazuiaje akina mama waliobeba pilau? Wakajipanga pembeni wakaanza. Mpira wangu ukivuka, vigelegele. Ukinasa wavuni, vigelegele. Nikaupiga mmoja ukaruka ukuta ukaangukia kwa jirani, huo ndio uliopulizwa tarumbeta kabisa. Glory uso umemwiva, anatazama viatu vyake.

Nikamfanyia ishara tuendelee tu, watachoka. Ndipo foleni ikaingia uwanjani. Naanzisha mpira, Mama Shamsa huyo anakuja anakata kiuno, ananitupia khanga begani. Mpira unarudi, wa pili naye ananitupia ya kwake. Nikawa nacheza tenisi nimefunikwa khanga, sioni mpira wala wavu.

Katibu wa klabu akaja mbio, mzee mmoja mrefu mwenye kaptula nyeupe iliyopigwa pasi. Nikamwamkia shikamoo, hakuitikia (hapo nikajua ni makubwa). Akauliza, "Hawa ni wageni wa nani?" Nikamtazama Glory, anafunga begi lake. Nikaona mtu wangu huyo ananiponyoka. Nikasema, "Mzee, mie hawa siwajui."

Na matarumbeta, sijui shetani gani aliyapitia, yakanyamaza sekunde ileile. Kila mtu alisikia. Katibu akazitazama khanga zangu mabegani.

Mama Shamsa hakukasirika, afadhali angekasirika. Alinisogelea akanivua khanga moja taratibu, kama mtu anaanua nguo.

"Hutujui?"

"Mama Shamsa, nilikuwa namaanisha..."

"Hutujui, yameisha. Sie tumekuja kwenye shughuli." Akamgeukia katibu. "Baba, hapa nani kashinda?"

Katibu pamoja na hasira zake ni mtu wa michezo, akasema ukweli. "Yule binti mwenye begi. Tena kwa mbali."

"Basi mwenye shughuli ni yule."

Foleni yote ikageuka ikavuka wavu. Nilitamani ardhi ipasuke, maana namjua Glory, nikasema huyu leo anazimia. Mama Shamsa akamwekea khanga begani akamuuliza kwa upole, "Mwanangu, umeshawahi kutunzwa wewe?" Glory akatikisa kichwa. "Hata siku moja?" Akatikisa tena, na machozi yakamtoka. Basi tarumbeta likalia, na yule dada asiyependa kutazamwa akaanza kucheza, kwanza mabega tu, kisha akalitupa begi chini akazunguka na wale wanawake uwanja mzima. Mie nimesimama pembeni naokota mipira. Nilimwonea wivu, sikatai. Zile khanga zilikuwa zangu.

"Wewe usiyetujua," Mama Shamsa akaniita, "njoo upakue."

Nikapakua pilau nje ya geti, tulikofukuziwa (katibu alitoka na sahani yake, hasira zimeisha), nikimwomba radhi kila mmoja. Wakanisamehe, wakanicheka, na mpaka leo nikiingia mahali Mama Shamsa huwauliza wenzake huyu mama ni nani. Nilichojifunza ni kwamba mtu mwenye watu haitakiwi atangaze jambo lake hovyo, maana shughuli ni watu, na watu wakija wamekuja.

Ila bado sikujua kama nina mtu wa kucheza naye. Glory akaingia kwenye gari lake, khanga zimemjaa mapajani, hotpoti kiti cha pembeni, akashusha kioo. Nikajiandaa kwa kwaheri.

"Dada Mwanaidi, tucheze tena Jumamosi ijayo, muda uleule," akasema kwa kile kisauti chake. "Ila uje peke yako."

Akaondoka. Nimegeuka, Mama Shamsa yuko nyuma yangu, simu mkononi.

"Amesema lini?"

Wallahi siku ile niliwapenda wale wanawake kuliko siku zote, na hapohapo nikamtazama usoni nikamwambia, "Amesema anasafiri."