Shati la Dereva

Fundi alikuwa na desturi iliyowaudhi wateja wenye haraka: hakushona nguo moja kwa moja. Kwanza aliishikiza kwa uzi mweupe, mishono mikubwa mikubwa, mteja akaijaribu, ndipo cherehani ikaanza kuunguruma. Shati la dereva wa teksi lilikuwa limeshikizwa tayari. Dereva huyo alikuwa amemposa Fundi mwenyewe, na leo alikuwa anakuja kulijaribu shati na kuchukua jibu lake.

"Leo usimzungushe," alisema shangazi wa Fundi, akipachika vifungo dirishani. "Ndiyo au hapana."

"Shangazi, wanawake aliopita nao wanajaza basi!"

"Si ndiyo vizuri? Kazunguka, kachoka. Huyo sasa atatulia."

Fundi akacheka, lakini moyoni alichemka. Angekuwa yeye ndiye mwenye basi hilo, nani angesema kachoka, atatulia? Angeitwa majina yasiyoandikika. Mwanamume anaitwa mzoefu! Hata hivyo, idadi haikumnyima usingizi. Dereva alikuwa amemsimulia mwenyewe, bila kubanwa, na hilo lilimpendeza. Alichotaka kujua ni kitu kimoja tu: aliwaachaje?

Dereva akaingia ananukia marashi, viatu vinameremeta. "Shikamoo shangazi! Mke mtarajiwa, hujambo?"

"Marahaba. Punguza domo, vaa shati," shangazi akamjibu.

Ndiyo kwanza amalize kulivaa, akatupa jicho nje, akaganda. Mara akajitosa nyuma ya pazia la kujaribia nguo. "Sipo!" akanong'ona.

Aliyeingia alikuwa muuguzi wa zahanati ya jirani, kafuata gauni lake la kazi. Akasalimu, akakagua pindo, akaridhika. Kisha macho yakamshuka hadi chini ya pazia, ambalo lilikuwa fupi, na viatu viwili vyeusi vimejitokeza.

"Viatu hivyo nilivichagua mimi," akasema kwa sauti ya kawaida kabisa. "Dada, mwambie mwenyewe sina ugomvi naye. Aliniambia anakwenda kuweka mafuta, mwaka wa pili sasa. Nilitaka tu kujua kama tangi limejaa."

Akaondoka zake. Shangazi alicheka mpaka kopo la vifungo likamponyoka.

Dereva akatoka jasho likimtiririka. "Mpenzi, huyo ni wa zamani. Yameisha."

"Najua. Ulimuaga?"

"Aa, kuagana kuna machozi. Mimi siwezi kumtazama mwanamke analia."

"Na wale wengine?"

Dereva akatazama viatu vyake.

"Vua shati," Fundi akasema.

"Kwani linabana?"

"Limekukaa vizuri sana. Vua."

Akalitandaza mezani, akashika ncha ya uzi mweupe, akavuta. Mkono mmoja ukaachana na bega kimya kimya, kisha wa pili. Kitambaa hakikuchanika hata kidogo. Akakikunja, akampa mwenyewe mkononi, akamtazama usoni.

"Kwaheri," akasema. "Unaona? Ni neno moja tu."