Chui wa Uongo kwenye Kilio cha Ajida

Nitawaeleza mwenyewe, kwa sababu pale sokoni mkasa huu unauzwa kwa bei zote na kila muuzaji anauongezea chumvi yake, afadhali muupate kwa mwenye aibu.

Mnanijua. Nauza vipuri vya magari hapa Likasi, napatana bei mpaka mwenye mali anaomba maji ya kunywa, na chenji naihesabu mara mbili hata nikipewa na katekista. Lakini nina ugonjwa mmoja: nakusanya vigari vya jeshi, vile vidogo vya zamani vya chuma kizito cha kijivu, visivyozunguka magurudumu, ambavyo walimu wa kambi walikuwa wanavipanga mchangani mbali na kuruti, kuruti anakodoa macho anataja hiki ni kifaru gani, cha rafiki au cha adui, na akikosea anakimbia kuzunguka uwanja. Mke wangu anaviita shamba la vumbi.

Marehemu Ajida Donatien (ajida ni cheo cha jeshini) alikuwa mwalimu wa namna hiyo, na alipostaafu aliondoka kambini na sanduku zima la vigari hivyo (sikuuliza kwa ruhusa ya nani). Ndani yake kilikuwamo kimoja nisichokuwa nacho, mbele magurudumu, nyuma mnyororo kama katapila. Miaka nilimzungukia yule mzee. Nilijifanya sikitaki, nikakikosoa, nikasema kimepinda, nikamletea bia. Bia akainywa, kigari akakirudisha sandukuni.

Halafu akafa. Na kwetu mnakujua, kabla jeneza halijafika nyumbani jamaa wa mume wameshalipima friji kwa macho. Niliona wazi kwamba sanduku langu (tayari nilikuwa naliita langu) litaishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, lipimwe kwa kilo pamoja na masufuria.

Hapo ndipo akili yangu iliponiuza. Ajida alikuwa wa ukoo wa Mbuzi, na watani wa Mbuzi ni ukoo wa Chui, maana chui ndiye anayekula mbuzi. Kwenye kilio mtani anaruhusiwa kumtukana marehemu, kuwachekesha wafiwa, na kubeba kitu cha nyumbani bila mtu kukasirika. Bila mtu kukasirika! Sasa mimi baba yangu wa Kasai, mkoa mwingine kabisa usio na koo hizi, mama yangu wa Kasai, nadhani hata kuku wetu ni wa Kasai, na chui sijamwona ila kwenye kitenge. Nikaingia uani, nikapaza sauti:

'Iko wapi ile mbuzi yenu? Chui inakuya kukula!'

Nilitegemea wacheke, nibebe, niondoke. Badala yake dada wa marehemu, Tantine Mwewa (tantine ni shangazi), ambaye hakunijua, akanishika mikono yote miwili, machozi yanamtoka.

'Mungu anasikia! Ba Chui yetu banatoka Kapolowe, kamio yabo ilikufa mu njia, na maiti haiwezi kutoka bila mutani. Sasa ni weye njo utafanya kazi yote.'

Kazi? Kumbe utani una upande wa kuchukua na upande wa kutoa, na mimi nilijifunza upande mmoja tu. Sanduku walinipa palepale, hilo sikatai. Kisha wakanivika kichwani kepi ya marehemu na mwilini koti lake la kijeshi lililokataa kufungika tumboni, wakanitia filimbi mdomoni, kwa sababu mtani lazima amwigize marehemu mbele ya jeneza mpaka makaburini. Na kwenda makaburini ni kupita sokoni. (Nyuso zote mnazozijua zilikuwapo, na simu zao.) Nikapiga hatua za kijeshi, sanduku kwapani, nikiwafokea waombolezaji wanyooshe mgongo, na mama mmoja wa dagaa akaita kutoka mezani kwake, kuuliza wanajeshi wameniandikisha lini:

'Kazadi! Basoda banakuandika siku gani?'

Makaburini wakanipa sururu. Ardhi ya Likasi ukichimba kidogo unakuta jiwe, na safari hii halikuwa jiwe la madini la kuuza. Nilikuwa nimezama mpaka kifuani wakati ile kamio, lori la watani wa Kapolowe, ilipofika na kumteremsha mwanamke mmoja mpana, Mama Kabwe, chui wa kweli. Akachungulia shimoni, akaniuliza kwa upole wa hatari, maana ukoo wao unarithiwa upande wa mama:

'Chui mwenzangu, mujomba yako ni nani?'

'Mjomba... anakaa Mbuji-Mayi.'

'Siulize anakaa wapi. Jina.'

'Tshibangu.'

Jina la Kasai tupu, hata mtoto analijua. Watu wakaanza kukohoa.

'Ee, batu!' Mama Kabwe akawageukia. 'Siku hizi chui banakuya na treni!'

Sisi wa Kasai babu zetu waliletwa huku na reli, basi kilio kizima kilianguka kwa kicheko, mpaka padri akajifanya anatafuta ukurasa. Na kwenye utani hakuna kesi wala polisi, kuna kicheko tu, ukikasirika unaongezewa. Mama Kabwe aliamuru nimalize shimo, akanivua viatu kama nyara, akalichukua sanduku. Ajida alipokwisha kuzikwa na sementi kumwagwa juu, alivipanga vigari vyote kwenye sementi mbichi, akavikandamiza kimoja kimoja mpaka vikazama nusu, na kile cha mnyororo akakiweka mbele kabisa, kiongoze msafara. Watu wakapiga makofi. Hata mimi nilipiga, ningefanya nini, miguu mitupu.

Wakati wa kutawanyika mjane, Mama Bernadette, alinisogelea.

'Baba Kazadi, miaka yote ni miye njo nilikuwa napanguza vumbi mu ile bintu. Ungeniomba tu pa mulango, ningekupa na sanduku yake.'

Sementi ilikuwa inakauka tunaiangalia.

Tangu hapo nikifika kwenye kilio natoa mchango, nakaa kwenye kiti cha plastiki, nalia kiasi kinachotosha, na nikitaka kitu cha mtu nataja jina langu na jina la baba yangu, naomba. Ulimi unakataa kila mara, kwa mfanyabiashara hiyo ni njia ya kutia aibu kabisa. Lakini kuomba hakujanivua viatu hata siku moja.